Ruzuku ya Kisomo Ianzie kwa Mwezeshaji

Katika kijiji kimoja cha Umalila, mkoani Mbeya, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa bodaboda kutoka Mbalizi, kuna daftari la mahudhurio lenye jalada gumu ambalo limenifunza mambo ya ruzuku za kisomo, yaani fedha za kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, kuliko ripoti nyingi nilizopata kuzisoma. Kurasa zake za mwanzo zimejaa: majina 27, kati ya hayo 22 ya wanawake, na alama za vema za wino wa bluu zinazofuatana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia mwezi wa tano. Kufika mwezi wa kumi wanaohudhuria wamebaki 19, na kwa darasa la watu wazima wanaotoka shambani jioni, wakapika kwanza ndipo waje kubanana kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa darasa la pili, idadi hiyo ni kubwa. Mwezi wa kumi na moja mvua zinaanza, watu wanaingia shambani, na alama zinakuwa chache. Katikati ya Desemba ukurasa una tarehe peke yake.

Nilimuuliza mwezeshaji wa darasa hilo, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye wanafunzi wake, wengi wao wakiwa rika la mama yake, humwita Mwalimu, kama watu walichoka. Alinijibu kwamba hawakuchoka. Ruzuku ilikuwa ya mwaka mmoja wa kalenda. Mkataba ulisainiwa Januari, fedha zikafika Aprili, darasa likafunguliwa Mei, na mwishoni mwa Novemba mradi ukafungwa kwa hafla ya kugawa vyeti iliyofanyika mjini. Yeye aliendelea kufundisha wiki tatu zaidi kwa chaki alizonunua mwenyewe dukani, mpaka alipopata kibarua cha kupakia viazi kwenye malori, kazi ambayo malipo yake hutolewa jioni ileile.

Naandika kwa sababu ya daftari hilo, na kwa sababu naamini kwamba kosa lililoliua darasa lile linaweza kurudiwa popote katika Nyanda za Juu Kusini, kutoka Mbozi hadi Kilolo, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Ruzuku za kisomo mara nyingi hupangwa kwa namna inayolipia kila kitu kinacholizunguka darasa, huku mtu anayelisimamisha darasa lenyewe akiachiwa makombo. Hoja yangu ni kwamba shilingi ya kwanza ya ruzuku ya kisomo iwe ya mwezeshaji, ilipwe kwa miaka mitatu mfululizo, na ifuate kalenda ya shamba.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwishoni mwa 1971 ikaanza kampeni ya nchi nzima iliyokusudia kufuta hali ya kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1975. Upimaji wa kitaifa ulifanyika mara tano, 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986. Ule wa kwanza ulionyesha kwamba asilimia 39 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Miaka miwili baadaye ikawa asilimia 27, na ule wa mwisho ukaonyesha asilimia 9.6. Kipimo chenyewe kilikuwa na ngazi nne, na aliyefika ngazi ya tatu alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa wanaojua, kwa hiyo si kila aliyefaulu angeweza kusoma gazeti na kulielewa. Hata hivyo, bibi zetu waliosoma ngumbaru wakati huo na ambao hadi leo husoma Biblia au Kurani ya tafsiri bila kumwomba mjukuu msaada ni ushahidi ambao hakuna takwimu inayoweza kuufuta.

Kampeni ile ilikuwa na vitu vingi ambavyo leo hatuna: msukumo wa chama, redio iliyosikilizwa kwa vikundi, shule za msingi zilizogeuzwa madarasa ya watu wazima kila alasiri, na fedha za wafadhili wa nje, Sweden ikiwa mstari wa mbele. Ilikuwa pia na walimu wa kujitolea kwa maelfu, na hapa ndipo kumbukumbu zetu hutudanganya. Tunapowataja walimu wale tunalisisitiza neno kujitolea, tukasahau kwamba walitengewa kifuta jasho cha kila mwezi. Kilikuwa kidogo, lakini kiliwaambia kwamba kazi yao inatambulika na kwamba yupo anayewahesabu. Uchumi ulipoyumba miaka ya themanini kifuta jasho kilianza kuchelewa, kisha kikawa hakifiki kabisa sehemu nyingi, na madarasa yakafungwa moja baada ya jingine. Sensa ya 2012 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika wakiwa kama asilimia 78 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Sensa humuuliza mtu, upimaji humpa mtihani, kwa hiyo namba hii na ile ya 1986, ambayo maana yake ni kwamba wanaojua walikuwa kama asilimia 90, hazilingani moja kwa moja. Lakini hakuna anayezitazama pamoja akasema tulisonga mbele.

Wanaoandika mapendekezo ya miradi leo wamelirithi neno kujitolea bila kurithi kifuta jasho. Katika bajeti nilizopata kuziona, na nimeziona kadhaa kwa kuwa asasi ndogo huniomba niwasaidie kusahihisha maandiko yao, semina ya kuzindua mradi ina fungu lake, mafuta ya gari yana fungu lake, mshauri wa tathmini ana fungu lake tena nono, fulana na mabango vina fungu lao, na mwezeshaji anatokea kwenye mstari wa chini akiwa na maneno "mchango wa jamii". Maana ya maneno hayo ni kwamba kijana anayekuja darasani siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima anahesabiwa kuwa ndiye aliyeuchangia mradi, ilhali anayekuja kutoka mjini kumkagua kwa siku mbili analipwa posho ya kulala.

Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Tuseme asasi moja ya Mbeya inapata ruzuku ya shilingi milioni 60 kwa ajili ya madarasa 20 yenye wanafunzi 25 kila moja, yaani watu 500. Kila mwezeshaji akilipwa shilingi 60,000 kwa mwezi, wote 20 watachukua shilingi milioni 1.2 kila mwezi, na kwa miezi 36 watachukua milioni 43.2. Zinabaki milioni 16.8 za vitabu, madaftari, chaki, taa za sola, mafunzo ya wawezeshaji na nauli za ufuatiliaji. Kwa maneno mengine, fedha ambazo kwa kawaida huliwa na mwaka mmoja wa mradi zingeweza kuyaweka hai madarasa 20 kwa miaka mitatu. Katika hesabu hiyo hamna fedha za hafla wala za gari jipya. Mafunzo ya wawezeshaji yangefanyika kwenye madarasa ya shule wakati wa likizo, na mkaguzi angepanda daladala na bodaboda kama tunavyopanda sisi wengine.

Shilingi 60,000 si mshahara, na sitaki mtu anielewe kwamba napendekeza kijana alipwe kidogo ili mradi uonekane wa bei nafuu. Mwaka 2005 Kampeni ya Kimataifa ya Elimu na shirika la ActionAid walitoa vigezo 12 vya kisomo cha watu wazima baada ya kuchunguza programu 67 katika nchi 35. Vigezo hivyo vinataka mwezeshaji alipwe angalau sawa na kima cha chini cha mwalimu wa shule ya msingi kwa saa zote anazofanya kazi, zikiwamo za maandalizi, na asiwe na wanafunzi zaidi ya 30. Vinakadiria dola za Marekani kati ya 50 na 100 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua mitatu, na vinazitaka serikali zitenge angalau asilimia 3 ya bajeti ya elimu kwa ajili ya kisomo. Mfano wangu wa milioni 60 unatoa shilingi 40,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo ni sehemu ndogo tu ya kiwango hicho. Nimeuweka hapa kuonyesha kwamba hata fedha haba, zikianzia kwa mtu sahihi, zinafika mbali kuliko tunavyozoea.

Sababu ya kung'ang'ania miaka mitatu naijua kutokana na mama mmoja wa darasa lile la Umalila, muuza viazi, ambaye alinionyesha kijidaftari chake cha mauzo. Kabla ya darasa alikuwa akihesabu magunia kwa kuchora vijiti ukutani kwa mkaa. Baada ya miezi sita aliweza kuandika tarehe, idadi ya magunia na bei, na aliweza kusoma namba kwenye mizani, jambo lililomwezesha kubishana na mnunuzi aliyemletea gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi, na kutaka kulilipia kama gunia la kawaida. Hayo ni mafanikio makubwa kwa miezi sita. Lakini alipoletewa karatasi ya makubaliano ya kuuza mazao yakiwa bado shambani, aliweza kusoma jina lake na namba ya fedha, basi. Masharti yaliyokuwa katikati alisomewa na mnunuzi mwenyewe, naye akaweka dole gumba kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado mzito kusaini mbele za watu. Mtu anayeachwa katika hatua hiyo hupoteza upesi hata kile alichokipata. Mwaka wa kwanza humpa herufi na namba, wa pili humwezesha kusoma ukurasa mzima bila kukatakata, na wa tatu humpa mazoea ya kutumia kusoma katika shughuli zake. Mfadhili anayeondoka mwaka wa kwanza amelipia mbegu na palizi, halafu akaacha shamba mahindi yakiwa yanatoa mbelewele.

Kalenda nayo ina uzito wake. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi hiyo mwanamke wa Umalila, wa Makete au wa Mufindi hana jioni. Ana jembe, ana kuni mbichi na ana njia yenye utelezi. Muda wa kusoma ni kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati mavuno yako nyumbani. Mfadhili anayefungua mwaka wake Januari na kuufunga Desemba anapoteza miezi ya mwanzo, kwa sababu fedha hazifiki siku ya kusaini, kisha analifunga darasa mvua zinapoanza. Darasa lingeweza kuwa na siku tatu kwa wiki wakati wa kiangazi na siku moja, Jumapili baada ya ibada, wakati wa masika, na mwezeshaji akaendelea kulipwa mwaka mzima. Kupungua kwa mahudhurio mwezi wa kumi na mbili hakungeandikwa tena kwenye ripoti kuwa ni wanafunzi walioacha.

Kuna hoja inayotolewa kila mara dhidi ya kumlipa mwezeshaji, nayo ni ya uendelevu: mfadhili akiondoka nani atamlipa? Ni swali la haki, lakini naona linaulizwa kwa upande mmoja. Hakuna anayeuliza uendelevu wa mshahara wa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa sababu tulikubaliana kama taifa kwamba mtoto lazima afundishwe na kwamba serikali itamlipa anayemfundisha. Mama yake mtoto huyo hakuahidiwa hivyo, na sababu ninayoiona ni kwamba tumemzoea akiwa hajui kusoma. Jibu la kweli la swali la uendelevu ni halmashauri, na ruzuku nzuri ingekuwa ile inayoifunga halmashauri kwa makubaliano ya maandishi: mwaka wa kwanza mfadhili alipe posho zote, mwaka wa pili halmashauri ibebe theluthi moja kutoka mapato yake ya ndani, mwaka wa tatu ibebe theluthi mbili. Halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima na Elimu Nje ya Mfumo Rasmi, na kata ina Afisa Elimu Kata. Watu wa kusimamia wapo na wanalipwa mshahara. Kinachokosekana ni fungu la kuwapa kitu cha kusimamia.

Halmashauri zenyewe zina faida ya wazi katika jambo hili. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Ili kikundi kipate mkopo kinahitaji katiba, mihtasari ya vikao, andiko la biashara na akaunti ya benki. Nimekaa na kikundi cha wanawake ambamo anayejua kuandika vizuri ni katibu peke yake, na nimeona jinsi wenzake wanavyomtazama anaposoma muhtasari, wakiwa hawana namna ya kujua kama alichokisoma ndicho kilichoandikwa. Katibu yule ni mwaminifu. Lakini kikundi kinachotegemea uaminifu wa mtu mmoja kiko hatarini, na halmashauri inayokikopesha iko hatarini pamoja nacho. Kukifundisha kikundi hicho kusoma ni sehemu ya kulinda mkopo wenyewe.

Iringa iliwahi kuonyesha njia katika jambo lingine. Mradi wa lishe ulioanza huko mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia, ulianza katika vijiji 168. Msingi wake ulikuwa kila kijiji kuwapima watoto wake uzito na kuyajadili matokeo katika uongozi wa kijiji kabla hayajapelekwa wilayani. Wazazi walijifunza kuusoma mstari wa ukuaji kwenye kadi ya mtoto, na viongozi wakalazimika kueleza kwa nini watoto wa kitongoji fulani hawaongezeki. Fedha zilitoka mbali, lakini taarifa zilibaki kwa wenye watoto. Katika kisomo tunafanya kinyume: idadi ya walioandikishwa hupelekwa mjini, kisha ng'ambo, na serikali ya kijiji haijui wangapi wamejua kusoma na wangapi wamekwama. Napendekeza kila darasa lipimwe kila baada ya miezi sita mbele ya mkutano wa kijiji, kwa vitu vinavyotumika hapo hapo: kusoma tangazo la chama cha ushirika, kujaza hati ya mauzo, kusoma maelekezo ya dawa ya viazi kwenye chupa. Mfadhili apewe matokeo hayohayo, na aone fahari kupokea namba ndogo iliyo ya kweli.

Vitabu vya kujifunzia viende njia hiyohiyo. Mradi wa majaribio ulioendeshwa Kanda ya Ziwa na UNESCO pamoja na serikali mwishoni mwa miaka ya sitini ulitumia vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, na ndivyo vilivyofungua njia ya kisomo chenye manufaa nchini, yaani kujifunza kusoma kupitia kazi ambayo mtu anaifanya. Huku kwetu tungekuwa na kitabu cha viazi, cha chai, cha mpunga wa Usangu, na cha parachichi, zao ambalo limewaletea wakulima wa Rungwe na Njombe mikataba ya kurasa nyingi. Kuviandika si kazi ya gharama kubwa ikiwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo kwa sheria ya mwaka 1975 ndiyo yenye dhamana hiyo, itakaa na maofisa ugani na wakulima wenyewe. Na mwezeshaji awe mtu wa hapohapo, maana wapo kina mama ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, na neno gumu linapaswa kuelezwa kwanza kwa Kimalila au Kinyakyusa ndipo liandikwe ubaoni.

Limebaki suala la maombi, na hapa wafadhili wanisamehe nikisema wazi. Fomu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hudai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na hutaka lugha ambayo mtu wa kijijini hana. Matokeo yake asasi iliyo karibu na wasiojua kusoma ndiyo isiyoweza kuomba, na inayopata ni ile yenye mtaalamu wa maandiko mjini. Naelewa hofu iliyopo. Fedha za miradi zimewahi kuliwa, na mtoaji ana haki ya kujua shilingi yake imekwenda wapi. Lakini hofu hiyo inaweza kutibiwa kwa kukabidhi fedha kwa taasisi iliyokwisha kukaguliwa, kama vile vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa tangu 1975 kwa kazi ya namna hii hasa, na kikundi cha kijiji kikabaki na kazi ya kuchagua mwezeshaji na kuthibitisha kila mwezi kwamba amefundisha. Posho itumwe moja kwa moja kwenye simu yake. Risiti ya malipo hayo ni ushahidi mzuri kuliko orodha ya saini za waliohudhuria semina.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ili zianze kutumika Julai, na kwa hiyo mfadhili anayetaka darasa la Umalila lifunguliwe Juni ijayo anapaswa kuwa ameketi na mkurugenzi wa halmashauri kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Mwezeshaji ameniambia kwamba kibarua cha viazi hupungua kuanzia mwezi wa sita, kwamba kumi na wawili kati ya wale kumi na tisa wameshamfuata nyumbani kumuuliza, na kwamba daftari la mahudhurio bado lina kurasa.